Uchambuzi: Kompyuta yakokotoa pumzi baada ya upasuaji wa mapafu, je, itamfikia mgonjwa wa Nyakabuye?

Mgonjwa aliyeondolewa sehemu ya pafu huzinduka kutoka usingizi wa nusukaputi akiwa na swali ambalo hata daktari hulijibu kwa tahadhari: pumzi iliyobaki itatosha? Katika vyuo vikuu kadhaa duniani, wahandisi na madaktari wanalitafutia jibu swali hilo kwa kompyuta. Wanaiga mwendo wa hewa ndani ya kifua cha mgonjwa mmoja mmoja, na mara nyingine hufanya hivyo kabla ya upasuaji wenyewe. Kwa wakazi wa Nyakabuye, tarafa ya Wilaya ya Rusizi inayojulikana kwa chemchemi zake za maji moto, elimu hii yaweza kuonekana kuwa ya mbali. Hata hivyo inawahusu, kwa kuwa thamani ya hesabu hizo hutegemea vipimo ambavyo lazima vichukuliwe karibu na mgonjwa.

Kisu hubadilisha njia ya hewa

Pafu la kulia lina sehemu kuu tatu na la kushoto lina mbili. Hewa hupita katika bomba kuu la pumzi, kisha katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, takriban mara 23, hadi kwenye vifuko vidogo ambako oksijeni huingia katika damu. Mtu mzima aliyetulia huvuta yapata nusu lita ya hewa kwa kila pumzi.

Daktari bingwa wa upasuaji anapoondoa sehemu ya pafu, kwa sababu ya saratani, uharibifu ulioachwa na kifua kikuu au maambukizi ya muda mrefu, hapunguzi ujazo peke yake. Sehemu zilizobaki hutanuka na kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Zikisogea, mirija yake nayo husogea, na pengine mmoja hupinda au kubanwa. Hapo ndipo hatari inapojificha. Katika karne ya 19, daktari Mfaransa Jean Poiseuille alionyesha jinsi upana wa mrija unavyotawala mtiririko ndani yake: kipenyo kikipungua kwa nusu, na hewa ikiwa bado inapita kwa utulivu, ukinzani huongezeka mara 16. Kwa hiyo wagonjwa wawili walioondolewa sehemu ileile wanaweza kutofautiana sana: mmoja akarejea shambani, mwingine akahema kwa kwenda kisimani tu.

Hesabu inavyofanywa

Kazi huanza na picha za CT za kifua. Programu huchora umbo la mirija kutokana na picha hizo, kisha huligawa umbo hilo katika vyumba vidogo mno, mara nyingi mamilioni. Ndani ya kila chumba kompyuta hutatua milinganyo ya mwendo wa vimiminika na gesi iliyoasisiwa na Claude-Louis Navier wa Ufaransa na George Gabriel Stokes wa Uingereza katika karne ya 19. Matokeo huonyesha mahali hewa inapokwenda kasi, inapozunguka bila faida na mahali shinikizo linapopotea.

Miongoni mwa taasisi zilizotumia miaka mingi kujenga mifano ya mapafu ya namna hii ni Chuo Kikuu cha Auckland nchini New Zealand. Kwa upande wa moyo, njia inayofanana na hii imekwisha kuingia hospitalini: mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha huduma ya kampuni ya HeartFlow, inayokokotoa mtiririko wa damu katika mishipa ya moyo kutokana na picha za CT. Kwa mapafu yaliyofanyiwa upasuaji, kazi hii bado iko zaidi mikononi mwa watafiti.

Sababu zake zinaeleweka. Picha ya CT huonyesha vizuri migawanyiko ya mwanzo tu ya mirija, na iliyobaki hukadiriwa. Isitoshe, picha hupigwa mgonjwa akiwa amelala chali na amebana pumzi. Maisha hayaendi hivyo. Mtu aliyetulia huingiza kiasi cha lita sita za hewa kwa dakika, lakini akipanda mlima na mzigo kiasi hicho huweza kupita lita 50, na hewa inayokwenda kasi huvurugika na kukutana na ukinzani mkubwa zaidi. Hesabu ya mtu aliyelala haiwezi peke yake kumtabiria mtu anayepanda.

Mlima ndio mtihani

Suala hili ni zito kwa Rusizi. Hospitali za wilaya za Gihundwe na Mibilizi hupeleka wagonjwa wenye matatizo makubwa Huye au Kigali kwa rufaa. Mgonjwa anayerudi nyumbani kutoka Kigali husafiri zaidi ya kilomita 200. Njiani hupita msitu wa Nyungwe, katika mwinuko unaozidi mita 2,000, ambako kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na usawa wa bahari. Kisha barabara huteremka kuelekea Bugarama, bonde lililo chini kuliko maeneo mengine yote ya Rwanda, na kutoka huko ni miteremko na vilima vya Nyakabuye. Nyumbani, katika kaya nyingi za vijijini, chakula hupikwa kwa kuni, na moshi huongeza mzigo wa pafu lililopungua.

Mfano wa kompyuta uliojengwa kwa mgonjwa wa mji wa pwani ya Ulaya, anayeishi katika nyumba isiyo na moshi, haukosei kuhusu mgonjwa huyo. Ukihamishiwa Rusizi bila kubadilishwa, utatoa picha nzuri na jibu lisilofaa.

Vipimo visivyohitaji kompyuta kubwa

Kabla ya uigaji kuanza kuenea, madaktari walikuwa na hesabu rahisi ambayo hutumika hadi leo. Mapafu mawili huhesabiwa kuwa na vipande 19, kumi kulia na tisa kushoto. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu katika spairomita, na hewa anayotoa katika sekunde ya kwanza hupimwa. Ikiwa ni lita mbili, na sehemu ya juu ya pafu la kulia yenye vipande vitatu itaondolewa, hubaki vipande 16 kati ya 19, yaani takriban lita 1.7. Hesabu hii huchukulia kwamba vipande vyote vinafanya kazi sawa. Iwapo sehemu inayoondolewa ilikwisha kufa kwa ugonjwa, mgonjwa hupoteza kidogo kuliko inavyotabiriwa. Pengo hilo ndilo uigaji wa kompyuta unalojaribu kuliziba.

Kuna kipimo kingine kinachowafaa watu wa milimani. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2013 unataja upandaji wa ngazi: mgonjwa anayeshindwa kufika kimo cha mita 22 huhitaji uchunguzi zaidi kabla ya pafu lake kukatwa. Mita 22 ni pungufu ya kilima ambacho mkazi wa Nyakabuye hupanda akienda sokoni. Kipimo hicho hakihitaji zaidi ya ngazi, saa na muuguzi makini, na kinaweza kurudiwa baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu na miezi sita.

Picha husafiri, mgonjwa asisafiri bure

Rwanda ina misingi ya kuanzia. Oktoba 2023 kilizinduliwa mjini Kigali kituo cha IRCAD Africa kinachofundisha upasuaji wa matundu madogo, na taasisi mama iliyoko Strasbourg, Ufaransa, ina uzoefu wa kujenga taswira za viungo vya mgonjwa kwa kompyuta. Mwaka huohuo wa 2023 serikali ilianza mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kupanua huduma zinazolipiwa na bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé, matibabu ya saratani yakiwamo.

Faida iliyo dhahiri ya uigaji ni kwamba picha na vipimo vinaweza kusafiri kwa mtandao, hesabu ikafanyika Kigali au ng'ambo, na mgonjwa akaepushwa safari isiyo ya lazima kupitia Nyungwe. Lakini kifua cha mtu si mali ya maabara. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi inaweka masharti ya kupeleka taarifa kama hizo nje ya nchi, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa zitatumiwaje. Kwa kuwa Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, mkazi anayekielewa zaidi ana sababu njema ya kuomba maelezo hayo kwa lugha hiyo, kabla ya kutia saini.

Kinachopaswa kutangulia

Swali la sera, basi, si kuichagua kompyuta au kuiacha, bali ni mpangilio. Spairomita inayofanya kazi katika hospitali ya wilaya, muuguzi anayejua kuisoma, na daftari linalomfuata mgonjwa hadi kijijini kwake kwa miezi sita, ndivyo vinavyozaa takwimu. Takwimu hizo zikikusanywa milimani, kutoka kwa watu waliougua kifua kikuu na waliopikia kuni, ndipo mfano wa kompyuta utakapoweza kusahihishwa na kuaminiwa hapa. Zisipokusanywa, Rusizi itapokea hesabu zilizopigwa kwa ajili ya vifua vya wengine, na atakayelipa gharama ya kosa ni mgonjwa aliyekwama katikati ya mlima akitafuta pumzi.