Tasnifu ya Uhandisi Ianzie Shambani: Fundisho la Kongwa

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uhandisi wa mitambo hutakiwa kutimiza mambo matatu: kuuliza swali moja lililo wazi, kulijibu kwa vipimo, na kuliandika jibu hilo kwa namna ambayo mtu mwingine aweza kulihakikisha. Kazi hiyo huitwa tasnifu. Wako wanaoidhania kuwa ni desturi ya vyuoni tu, yaani karatasi za kumpatia mtu cheti na kisha kufungiwa maktabani. Dhana hiyo ni potofu, na hapana mahali panapoonyesha upotofu wake waziwazi kuliko Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikisumbuliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Baada ya ziara ya majuma machache, ujumbe huo ulipendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya paundi milioni 24 hivi. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata sehemu moja ya kumi ya lengo hilo. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, hasara ilikadiriwa kuwa paundi milioni 36 hivi.

Sababu za anguko hilo ni nyingi, na uchache wa mvua ni mojawapo. Lakini sehemu kubwa ya aibu ile ilikuwa ya kimitambo. Matrekta mengi ya kwanza yalikuwa makuukuu, yaliyonunuliwa kutoka katika masalio ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yaliharibika upesi, na karakana haikuwa na vipuri wala mafundi wa kutosha kuyahudumia. Baadaye vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, navyo havikuleta nafuu iliyotarajiwa. Juu ya yote hayo, udongo wenyewe ulikuwa adui. Mfinyanzi wa Kongwa hukauka baada ya mvua ukawa mgumu kama tofali, na mchanga uliochanganyika nao hukwangua chuma kama msasa. Majembe ya plau yalilika kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia, na karanga zilipokomaa, ardhi iliyokakamaa ilizishikilia mashine zisiweze kuzing'oa vizuri.

Yafaa kuuliza ni nini kilichohitajika ili mambo hayo yajulikane mapema. Jibu ni jepesi mno, hata linasikitisha. Ilihitajika kazi ya kiasi cha tasnifu moja.

Chukua mfano wa kulika kwa chuma. Mtafiti hupima uzito wa jembe la plau, hulima ekari moja, kisha hulipima tena. Tuseme, kwa mfano tu, limepoteza gramu 50, na jembe halifai tena likipungua gramu 500. Basi jembe moja litakwisha kwa ekari 10, na ekari 150,000 zitadai majembe 15,000. Hesabu hiyo haihitaji maabara. Yahitaji mizani, daftari na mtu mwenye subira.

Au chukua nguvu ya kuvuta. Plau inayokata udongo upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 15 hukata eneo la sentimita za mraba 300. Iwapo udongo wenye unyevu unakinza kwa nguvu ya kilo 0.2 kwa kila sentimita ya mraba, zahitajika kilo 60. Ukikauka na ukinzani ukafika kilo 0.5, zahitajika kilo 150. Maksai mwenye uzito wa kilo 300 huweza kuvuta kwa muda mrefu kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa hiyo jozi moja itaimudu kazi ya kwanza, na ya pili itaishinda. Ndiyo maana mkulima wa Kigogo husubiri mvua. Hasubiri kwa uvivu. Anaijua hesabu ambayo wataalamu wa mwaka 1947 hawakuifanya.

Mwaka 1947 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Leo udhuru huo haupo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, na vyuo vingine vimefuata. Maswali nayo hayajapungua. Karanga bado hulimwa Kongwa, na kazi ya kuzibangua kwa mkono, ambayo huwaangukia zaidi akina mama, huwafanya baadhi ya watu kuzilowesha ili maganda yalainike. Unyevu huo hukaribisha ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyokuwa katika mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mashine ya kubangua karanga kavu bila kuzivunja ni swali halali la tasnifu: mwendo wa pipa uwe kiasi gani, nafasi ya wavu iwe pana vipi, na karanga ngapi katika kila mia hutoka zimepasuka.

Kazi za namna hiyo zikitakiwa, vyuo havina budi kurekebisha mambo matatu. Kwanza ni kalenda. Mvua za Kongwa huanza takriban Desemba na kwisha Aprili. Pendekezo la utafiti wa kilimo likikawia katika kamati hadi Februari, mwanafunzi amepoteza msimu, naye atajikuta akibuni kazi ya mezani ili amalize kwa wakati. Pili ni kipimo cha ufaulu. Tasnifu inayothibitisha kwamba mashine fulani haifai katika udongo fulani imefaulu, wala mtahini asiihesabu kuwa imeshindwa. Jibu la namna hiyo, lingepatikana mwaka 1946, lingeokoa mamilioni. Tatu ni lugha. Muhtasari wa Kiswahili urudishwe kijijini na kwa mafundi wa karakana za wilaya, kwa kuwa ndio watakaoitengeneza na kuitumia mashine hiyo.

Yaweza kusemwa kwamba tasnifu moja ni ndogo mno kubadili kilimo cha nchi. Ni kweli. Lakini mpango wa karanga ulikuwa mkubwa kuliko yote, nao haukubadili kitu ila mandhari ya Kongwa. Ukubwa wa fedha na wingi wa mitambo haukuweza kushika nafasi ya kipimo kimoja kilichofanywa kwa uaminifu. Mwenye kwenda shambani na mizani kabla ya kwenda na matrekta hapotezi wakati. Anawalinda wakulima wasigeuzwe kuwa ndio wa kujaribiwa.