Mkulima Si Debe Tupu

Imani kwamba kilimo cha Afrika Mashariki kinakwama kwa sababu mkulima hana elimu ina umri mkubwa kuliko mataifa yenyewe ya eneo hili. Husikika kwenye hotuba za Nanenane, huandikwa katika maandiko ya miradi, na hurudiwa hata na wakulima wenyewe, waliokwisha kuisikia mno. Kwa imani hiyo, maarifa yanakaa mjini, chuoni na kituoni, na kazi iliyobaki ni kuyashusha kijijini kama anayejaza debe tupu. Imani hiyo si kweli, na hasara yake ni kubwa, kwa kuwa ndiyo inayoamua fedha za ugani zinakwenda wapi, nani anasema na nani anasikiliza, na lawama zinamwangukia nani mradi unapokufa.

Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ilionja imani hii ikiwa na nguvu za dola nyuma yake. Mto Ruvu, unaoipatia Dar es Salaam maji, huanzia huko, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba Waluguru wanaiharibu milima kwa kutojua kulima. Ukaletwa mpango wa matumizi ya ardhi, na wanakijiji wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Lakini udongo wenye rutuba wa milima ile ni tabaka jembamba. Kuikata ngazi pana kulilifukia tabaka hilo na kuuleta juu udongo wa chini usiootesha kitu cha maana. Jasho liliongezeka na mavuno yakapungua. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, kwenye milima hiyo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa.

Upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, Mgeta, wakulima walikuwa na ngazi zao ndogo, zinazotengenezwa kila msimu kwa kukwangua udongo na kufukia magugu kwenye mteremko. Ngazi hizo hazikugusa udongo wa chini, na magugu yaliyofukiwa yaligeuka kuwa mbolea. Kusini zaidi, Mbinga, Wamatengo walikuwa na ngoro: mashimo yaliyopangwa kwa mistari juu ya miteremko mikali, wanaume wakifyeka na kulaza nyasi, wanawake wakizifunika kwa udongo na kupanda. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka na shamba. Mifumo hiyo miwili ilibuniwa na watu walioitwa wajinga wa ardhi yao. Uluguru haikupungukiwa na hotuba juu ya mmomonyoko. Ilihitaji watu wa Matombo, wa Mgeta na wa Mbinga wapate nafasi ya kutembeleana na kulinganisha.

Ujinga wa upande wa pili, yaani wa wataalamu, uliwahi kuigharimu Uingereza takriban pauni milioni 36. Mpango wa karanga wa Tanganyika, ulioanza Kongwa, mkoani Dodoma, mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliendeshwa na watu wenye shahada, matrekta na ramani. Udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua zake haziaminiki. Mambo hayo mawili Mgogo yeyote wa maeneo yale angeweza kuyaeleza kabla trekta la kwanza halijashushwa bandarini.

Baada ya uhuru imani ilibaki, ikavaa mavazi ya utaratibu. Kuanzia miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilieneza katika nchi nyingi mfumo wa mafunzo na ziara, uliotokana na fikra za Daniel Benor. Mtafiti alimfundisha mtaalamu, mtaalamu akamfundisha bwana shamba, bwana shamba akamtembelea mkulima aliyeteuliwa kila baada ya wiki mbili, na mkulima huyo akatarajiwa kuwaambia wenzake. Kenya iliupokea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilipofika mwaka 1999, tathmini ya Benki yenyewe ilisema kwamba matokeo nchini Kenya yalikuwa ya kukatisha tamaa. Ujumbe uliokuwa ukishuka ulikuwa uleule kwa maeneo yenye mvua, udongo na mifuko tofauti, na hapakuwa na njia ya kupandisha juu kile ambacho mkulima amekiona. Mfumo wa namna hiyo haurekebishiki kwa kuongeza mabwana shamba. Hata wakiwa mara kumi, wanaenda upande mmoja tu.

Hakuna mahali ambapo kosa hili lilijitokeza wazi kama katika vita dhidi ya mnyauko bakteria wa migomba. Ugonjwa huo, uliokuwa ukijulikana Ethiopia tangu zamani, ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, ukafika Rwanda, na mwaka 2006 ukaingia mkoa wa Kagera, Tanzania. Burundi uliripotiwa mwaka 2010. Katika nchi za Maziwa Makuu mgomba ni chakula, ni pombe, ni fedha ya ada na kivuli cha kahawa. Mgomba ulioambukizwa hugeuka njano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa rangi ya maziwa iliyofifia. Bakteria husafirishwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na miche ambayo jirani humpa jirani.

Ushauri wa kwanza wa wataalamu ulikuwa kung'oa shina lote: mgomba unaougua, machipukizi yake yote na tunguu lake ardhini. Kwa maabara ni ushauri safi. Kwa mama mwenye kibanja cha ekari moja na jembe la mkono ni kazi ya siku nyingi ya kuchimba, na mwisho wake ni shimo mahali palipokuwa na chakula cha mwaka mzima. Wengi hawakuifanya, au waliifanya nusu. Ikasemwa kwamba wakulima ni wagumu kuelewa, waongezewe elimu. Walikuwa wameelewa vizuri sana. Walipiga hesabu ya nguvu kazi na ya njaa, na hesabu hiyo haikuwamo kwenye kijitabu cha ugani.

Utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba bakteria haienei katika machipukizi yote ya shina moja. Inatosha kuukata usawa wa ardhi mgomba wenye dalili peke yake, mapema, na kurudia kila dalili mpya inapoonekana, huku ua dume likivunjwa kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa kwa panga, na panga likipitishwa motoni au kwenye dawa ya klorini kabla ya kugusa mgomba mwingine. Njia hii inaweza kufanywa na mzee, na mjane, na mtoto aliyetoka shule. Kwa hiyo kilichohitaji kubadilika kilikuwa ushauri. Laiti kusita kwa wakulima kungechukuliwa tangu mwanzo kuwa ni taarifa, na si ukaidi, migomba mingi ingeokolewa mapema zaidi.

Njia hiyo nyepesi ina sharti moja ambalo hakuna darasa linaloweza kulitimiza: lazima kijiji kizima kifanye pamoja. Anayeacha ua dume lisivunjwe huwalea wadudu wanaoruka hadi kwa jirani. Ndiyo maana palipopatikana nafuu ni pale ambapo watu walikagua vibanja vya wenzao kwa zamu, wakakubaliana ni nani asaidiwe kukata, na mahali pengine wakatunga sheria ndogo. Ugonjwa huu hauheshimu mpaka wa Tanzania na Uganda pale Mutukula, wala ule wa Rwanda pale Rusumo. Miche na mikungu hupita mipaka hiyo kila siku, lakini mkulima wa Missenyi, Tanzania, na yule wa Rakai, Uganda, wenye adui mmoja na lugha zinazokaribiana, mara nyingi hawana njia rasmi ya kuambiana dalili zimeonekana wapi.

Wapo watakaojibu kwamba mkulima hawezi kujua asichokiona. Ni kweli, na hoja hii haistahili kupuuzwa. Hakuna jicho linaloona bakteria, wala ulimi unaoonja sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Sayansi hapo haina mbadala, na anayedai kwamba maarifa ya asili yanatosha kwa kila jambo anawahatarisha watu. Lakini hata katika msiba ule mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, na familia nyingi ziliyaweka ndani ya nyumba. Kumwambia mtu akaushe mahindi ilhali mvua inanyesha na hana turubai wala pa kuyaanika ni kumpa jawabu la swali ambalo hakuuliza. Mwanasayansi anapaswa kuleta kipimo na maelezo ya kuvu. Namna ya kukausha kwa pamoja, wapi, kwa turubai la nani na kwa zamu ipi, hupangwa na wenye mahindi.

Mahali ambapo mwanasayansi na mkulima wamekaa upande mmoja wa meza pana jina linalojulikana: shamba darasa. Lilianza Indonesia mwaka 1989. Miaka mitatu kabla yake serikali ya huko ilikuwa imepiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, baada ya kubainika kwamba dawa ziliwaua wadudu rafiki na kuwaachia uwanja wadudu waharibifu. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) yalianzisha mashamba darasa magharibi mwa Kenya, mashariki mwa Uganda na Kagera. Watu 25 au 30 hukutana kila wiki kwa msimu mzima, hupanda vipande vya kulinganisha, huhesabu wadudu, huchora wanachokiona na kubishana. Mwezeshaji hatoi jibu mpaka shamba litoe. Utafiti wa nchi hizo tatu uliochapishwa mwaka 2012 uliona mapato ya washiriki yamepanda kwa wastani wa asilimia 61, na walionufaika zaidi walikuwa wanawake na watu wenye kisomo kidogo. Matokeo hayo yanaibomoa imani ya debe tupu kutoka chini, kwa kuwa wale wanaodhaniwa kukwamishwa na kukosa shule ndio waliokwenda mbali zaidi walipopewa nafasi ya kuchunguza wenyewe.

Shamba darasa nalo lina mpaka wake. Uchunguzi wa Indonesia uliochapishwa mwaka 2004 haukuona maarifa hayo yakienea kwa majirani ambao hawakushiriki. Haishangazi: jambo lililofahamika kwa msimu mzima wa kuchunguza halipitishwi kwa mazungumzo ya njiani. Mradi ukiisha, kikundi hubaki peke yake, mara nyingi hutawanyika. Kinachokosekana ni uti wa kuviunganisha vikundi, nao ni mtandao wa wakulima wenyewe.

Tanzania ina mtandao wa namna hiyo tangu mwaka 1993, uliozaliwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo: MVIWATA, Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania. Wito wake ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuiendesha: kuwakutanisha wakulima wabunifu wa maeneo mbalimbali, watembeleane, waulizane. Ziara za namna hii huzaa maswali ambayo mtaalamu hayaulizi, kwa sababu mgeni naye ana jembe: ulimlipa nani kuchimba, mwaka wa ukame ulikula nini, mkeo alisemaje. Baadaye mtandao ulishiriki kuanzisha masoko ya mazao, likiwamo la Nyandira huko Mgeta na la Kibaigwa wilayani Kongwa, palepale karanga ziliposhindwa. Soko la namna hiyo nalo ni shule. Mkulima anayejua bei ya gunia leo, aliyepima mzigo wake kwa mizani badala ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, hawezi kudanganywa na mchuuzi wala kufundishwa uongo na mradi.

Mfano mwingine wa kumwamini mkulima ni alama ya KilimoHai, iliyozinduliwa mwaka 2007 pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai. Kwa soko la ndani, kiwango hicho kinaweza kusimamiwa kwa wakulima kukaguana wao kwa wao, wakifuata kanuni walizokubaliana. Mfumo huo unaamini kwamba mkulima anaweza kulisoma shamba la mwenzake na kugundua udanganyifu, jambo ambalo kila anayelima anajua kuwa kweli.

Upande wa mbegu imani ya zamani bado inatawala. Maharage na viazi vitamu vya eneo hili huishi mikononi mwa wanawake, wanaochagua, wanaohifadhi na wanaopeana. Utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora nchini Tanzania uliwafungulia wakulima mlango wa kuzalisha mbegu halali, lakini uuzaji wake umekuwa ukifungwa ndani ya eneo dogo inakozalishwa. Mbegu nzuri ya maharage inavuka mto Kagera kwa siri, kwenye kifundo cha kanga.

Mitandao ya wakulima nayo si mitakatifu. Baadhi hugeuka ofisi za viongozi wasiobadilika, baadhi huishi kwa fedha za wafadhili na kufuata ajenda zao, na nyingi bado huita mkutano saa ambayo mwanamke yuko kisimani au jikoni, kisha zikashangaa ukumbi kujaa wanaume. Kasoro hizo zinatibika kwa ada za wanachama, chaguzi za kweli, hesabu zinazosomwa hadharani na mikutano inayopangwa kwa ratiba ya wanawake. Halmashauri nazo zinaweza kutenga sehemu ya fedha za ugani ziende moja kwa moja kwenye ziara za kubadilishana, na kumpima bwana shamba kwa maswali aliyoyapandisha kutoka vijijini, si kwa idadi ya semina alizoendesha. Kumpeleka mkulima wa Ngara hadi Karagwe, au ng'ambo ya mpaka hadi Muyinga, kunahitaji nauli, chakula na malazi ya usiku mmoja, na gharama hiyo inapaswa kuandikwa kwenye bajeti kabla ya kodi ya ukumbi wa semina.