Acheni Papa Shirandula Apumzike

Wasee, kila nikipost klipu, hukosi mtu wa kuandika: "Rudisheni Papa Shirandula." Mi nasema zii.

Waingereza walikuwa na filamu za kuchekesha zinaitwa Carry On, utani wa watu wazima, kuanzia 1958 hadi 1978. Miaka 14 baadaye, 1992, wakazifufua na Carry On Columbus, ile safari ya 1492 ikageuzwa kichekesho. Jim Dale alirudi, lakini Sid James, Hattie Jacques na Kenneth Williams walikuwa washakufa. Jina lilibaki, wenyewe hawapo. Wakosoaji waliiponda, na ikawa ndiyo ya mwisho.

Sasa sisi. Charles Bukeko alituacha Julai 2020. Soja anayemficha mke wake kazi anayofanya: huo haukuwa utani wa lafudhi ya Kiluhya tu. Ilikuwa aibu ya baba anayetafutia familia, na Bukeko aliibeba mpaka unacheka huku unamhurumia. Ukichukua yunifomu na lafudhi bila hiyo roho, unabaki unatucheka sisi.

Na hapa Shinyalu tuko na mafahali wanaopigana, isukuti, boda za Khayega, na matanga yenye vituko vya wiki nzima. Stori ni mob. Mbona Mluhya wa kwenye skrini abaki mlinda geti wa Nairobi milele?

Kama uko na simu, tutengenezee mtu mpya. Papa tutaendelea kucheka naye kwa zile za zamani.