Shauri la Juu ya Sahani



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya kupeana mashauri, maana sisi watu wa reli twapeana mashauri mengi kuliko chai, na mengi ya hayo hatuyafikiri.

Nina sababu ya kusema hivi. Miaka michache iliyopita mwenzangu mmoja wa kutengeneza njia aliitwa ofisini juu ya vyombo vya kazi vilivyopotea. Akapewa karatasi ya Kiingereza aitie sahihi, akaomba angoje mpaka asubuhi. Jioni alikuja nyumbani kwangu. Mimi nilikuwa nimemtangulia kazini kwa miaka sita, naye aliniita kaka. Nilikuwa nakula. Nikaitazama karatasi ile juu juu, nikamwambia: "Tia sahihi, ndugu yangu, mambo yaishe. Ukibishana na wakubwa watakuchukia." Akatia. Kumbe karatasi ilisema ya kwamba amekubali kosa. Baada ya majuma mawili hakuwa na kazi, na watoto wake watatu wakapelekwa kwa babu yao.

Watu walinifariji wakisema aliyetia sahihi ni yeye, si mimi. Tena tunayo methali: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini yule alilisikia la mkuu, na guu likavunjika vile vile! Methali hiyo humkaripia msikilizaji peke yake. Mkuu hakuna amwulizaye neno lake amelitoa wapi.

Kama ningalisema maneno matatu tu, "Sijui, twende tukaulize," mambo yangalikuwa mengine. Mjumbe wetu wa chama alikaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Yeye angalituambia lile nililojifunza baadaye: Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema ya kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya mwenendo mbaya, au kazi hafifu, au udhaifu wa mwili, ni lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu pamoja naye wakati wa maelezo hayo, mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama, ambaye amemchagua mwenyewe. Tena mwajiri ni lazima awasikilize wote wawili kabla ya kukata neno. Mwenzangu aliingia peke yake. Hakujua haki hiyo, wala mimi sikuijua, ila mimi nilisema kama mtu ajuaye.

Katika Kiswahili neno shauri ni neno la kumwongoza mtu, tena ni kikao cha watu wanaofikiri pamoja, tena ni kesi yenyewe. Nadhani wazee waliona mambo haya ni kitu kimoja. Lakini kazini twalisikia zaidi katika "Shauri yako!" yaani, mimi nimekwisha nawa mikono.

Mwezi wa Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa walipogoma, watu kama 15,000, wa bandarini na wa reli na wa kazi nyingine, walikuwa wakikutana katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Nafikiri sana juu ya uwanja ule. Shauri likisemwa mbele ya watu wote laweza kujibiwa pale pale, na wale watakaoumia wapo wanasikia. Langu nililitoa juu ya sahani ya ugali, halikuwa na wa kulijibu.

Muulizaji naye ana sehemu yake. Wako wanaozunguka nyumba hata nyumba mpaka wampate asemaye wanalolitaka. Wengine huona haya, wakaficha nusu ya habari: hawasemi walichelewa, hawasemi walikunywa. Mjumbe hawezi kumtetea mtu kwa nusu ya habari, maana nusu ya pili ataisikia kwa mwajiri.

Yule ndugu sasa anauza makaa huko kwao. Mwezi uliopita alinipigia simu. Kijana wake amepata kazi ya mkataba, naye ataka kujua kama mkataba ule ni mzuri. Nilistaajabu ya kwamba bado aniuliza mimi. Nikamwambia alete karatasi yenyewe, na anipe siku mbili niende nayo kwa mjumbe.