Mche Mrefu Si Mche Bora

Ni desturi ya watu wengi kukisifu kitu kinachokua upesi. Mtoto akirefuka, wazazi hufurahi. Mahindi yakirefuka, mkulima huanza kuhesabu magunia kabla ya wakati. Lakini katika kitalu cha mboga sifa hiyo hupotosha. Mche wa nyanya uliofikia urefu wa kiganja wakati wenzake hawajavuka urefu wa kidole, aghalabu si mche wenye afya, bali ni mche wenye njaa. Shina lake ni jembamba kama uzi, rangi yake imefifia, pingili zake zimeachana, na majani yake machache yamekusanyika kileleni. Ukihamishiwa shambani, upepo wa siku moja hutosha kuulaza chini. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Wakulima wa nchi za kaskazini hupata miche ya namna hiyo kwa sababu inayoeleweka. Katika mwezi wa Desemba mchana wa London ni wa saa nane hivi tu, na miche huoteshwa ndani ya nyumba kwa kuhofia baridi. Kwa Miburani, katika kisiwa cha Mafia, sababu hiyo haipo. Kisiwa hiki kiko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima, na jua lake la adhuhuri ni kali. Iwapo basi mche wa Miburani unakosa mwanga, ukosefu huo haukuletwa na mbingu. Umeletwa na mkono wa aliyechagua mahali pa kitalu, akasia mbegu kwa msongamano, au akasahau kuondoa kivuli wakati wake ulipofika.

Kwa nini mche hurefuka

Mche unaokosa mwanga haukosei. Unafuata kanuni iliyohifadhi ukoo wake tangu enzi na enzi. Mbegu inapoota chini ya udongo, akiba ya chakula iliyomo ndani yake ni ndogo. Hapana budi akiba hiyo itumike kwanza kulifikisha shina penye nuru, kabla ya kulinenepesha, kutanua majani au kutandaza mizizi. Nuru ikipatikana, mche hupunguza mbio na kuanza kujenga mwili wake kwa usanisinuru. Isipopatikana, mbio huendelea mpaka akiba inakwisha. Ndiyo maana mche uliooteshwa gizani, ukikaushwa na kupimwa kwa mizani, huwa mwepesi kuliko mbegu kavu uliyotokana nayo, ijapokuwa kwa macho umekua sana. Urefu umeongezeka, mali imepungua.

Kazi hiyo ya kurefuka huongozwa na homoni. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza jinsi ncha ya mche mchanga wa nyasi inavyopokea mwanga na kupeleka habari chini, mahali shina linapopinda. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alichunguza ugonjwa wa mpunga ambao wakulima wa kwao waliuita bakanae, yaani mche mpumbavu, kwa kuwa mche uliougua ulirefuka kupita wenzake wote kisha ukaanguka bila ya kuzaa. Alionyesha kwamba maji yaliyochujwa kutoka katika kuvu wa ugonjwa huo yalitosha kuurefusha mche, hata kuvu mwenyewe asipokuwapo. Kemikali iliyomo ndani yake ilipewa jina la jibarelini, na baadaye ikafahamika kwamba mimea yenyewe hutengeneza homoni za aina hiyo. Wakulima wale walikwisha tambua zamani jambo ambalo wengi hulisahau: urefu peke yake si akili.

Kivuli cha mwembe na kivuli cha makuti

Hapa ndipo penye kosa ambalo laweza kufanywa hata na mkulima hodari. Hudhaniwa kwamba kivuli ni kivuli, na kwamba kitalu kilichowekwa chini ya mwembe au mkorosho ni sawa na kile kilichoezekwa kichanja cha makuti. Sayansi yasema sivyo.

Mwaka 1959 watafiti wa Beltsville, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, walifaulu kuigundua ndani ya mmea dutu iliyopewa jina la fitokromu. Dutu hii hupima namna mbili za mwanga: mwanga mwekundu wa kawaida, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na mwekundu wa mbali, wenye nanomita 730 hivi, ambao jicho la mwanadamu karibu haliuoni. Katika jua wazi namna hizo mbili hukaribia kuwa sawa. Lakini jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kuuacha ule wa mbali upite. Kwa hiyo mche uliopo chini ya mwembe hupata mwanga mchache, na juu ya hayo mwanga wenyewe unauarifu kwamba juu yake kuna mmea mwingine. Mche hujibu kwa kukimbia kwenda juu ili umpite jirani yake, jambo ambalo hauliwezi kamwe, kwa maana jirani huyo ni mwembe.

Makuti makavu hayana ukijani. Hupunguza mwanga, lakini kwa kiasi kikubwa hayaubadili uwiano huo. Isitoshe, kuti laweza kuondolewa moja leo na jingine kesho; mwembe hauondoleki. Kanuni hiyo hiyo yaeleza kwa nini miche iliyosongamana hurefuka hata pasipo na mti wowote: kila mmoja huuona ujani wa mwenziwe na kuanza mashindano. Miche hiyo huwa pia rahisi kushikwa na kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina usawa wa udongo.

Wako watakaopinga wakisema kwamba jua la pwani huua, na kwamba kuondoa kivuli ni kuiteketeza miche. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mche uliolelewa kivulini una ngozi laini na mizizi michache, nao ukitolewa ghafla juani hubabuka. Tena iko mimea, kama mkarafuu, ambayo miche yake huhitaji kivuli kwa muda mrefu. Lakini dawa ya ukali wa jua ni kuuzoesha mche, wala si kuuficha. Kivuli ni kama dawa ya hospitali: kina kipimo chake na mwisho wake.

Tiba na kinga

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba pingili iliyokwisha refuka hairudi kuwa fupi. Linalowezekana ni kuzifanya zile zitakazofuata ziwe fupi na nene.

Kwanza, makuti yaanze kupunguzwa mara miche mingi inapokwisha chomoza. Miche ipate jua la asubuhi mpaka saa nne kwa siku chache, kisha na la jioni, hata katika muda wa wiki moja au siku kumi iweze kustahimili jua la kutwa. Pili, ipunguzwe ili baina ya mche na mche pawepo nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Kung'oa mche mzima kwaumiza moyo, lakini kuiacha yote ni kuikosa yote. Tatu, imwagiliwe asubuhi kwa kiasi, wala isiongezewe mbolea kwa kudhani kwamba wembamba wake ni ukosefu wa rutuba. Mbolea ya naitrojeni huzidi kuirefusha.

Nne, isikingwe kabisa na upepo mwanana. Mwaka 1973 Mmarekani Mark Jaffe alieleza kwamba mimea inayoguswa au kutikiswa mara kwa mara hupunguza urefu na kuongeza unene wa shina. Kupitisha kiganja polepole juu ya miche mikavu mara moja au mbili kwa siku ni kazi isiyogharimu hata senti moja.

Nyanya ina fadhila ya pekee: shina lake likifukiwa hutoa mizizi. Mche wa nyanya uliorefuka waweza kupandwa kwa kina hadi karibu na majani ya juu, au kulazwa katika mfereji mdogo na kuachwa kilele tu nje. Mpapai usifanyiwe hivyo, kwani shina lake huoza. Na kwa mchicha, ambao huota katika siku chache, lililo jema ni kusia upya mahali penye jua.

Wajibu wa shule

Mambo haya si mapya kwa shule. Kila mwanafunzi wa baiolojia hufundishwa habari za mbegu iliyooteshwa ndani ya kasha la giza, na wengi huweza kuchora mche wake mrefu wenye rangi ya manjano na kupata alama zote. Hata hivyo yawezekana mwanafunzi huyo huyo akatoka darasani, akapita mbele ya kitalu cha shule kilicho chini ya mwembe, asitambue kwamba anautazama mchoro wake. Sababu moja ni lugha. Jambo hilo amelisoma kwa jina la Kiingereza, na nyumbani halina jina. Husemwa tu kwamba fulani hana mkono wa kupanda. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza. Shamba linalolimwa bila ya kuuliza kwa nini huwa ni jasho tu.

Njia ya kurekebisha ni nyepesi. Mbegu za nyanya zisiwe katika makopo matatu yenye udongo mmoja na maji sawa: moja chini ya mwembe, la pili chini ya kichanja cha makuti, la tatu mahali pa wazi. Baada ya siku 21 wanafunzi wapime urefu kwa rula, unene wa shina kwa kuzungushia uzi, idadi ya majani, na uzito wa miche iliyokaushwa. Wasiamini macho yao. Jua wazi la adhuhuri laweza kufikia luksi 100,000, na ndani ya darasa mara nyingi mwanga haufiki luksi 1,000. Lakini jicho hujirekebisha, likadhani tofauti ni ndogo. Kipimo cha mizani hakidanganyiki hivyo. Kisha matokeo yasomwe mbele ya wazazi, kwa Kiswahili.

Kinachopotea si alama za mtihani peke yake. Mkulima wa Miburani aliyengoja masika yaishe ili apande nyanya, akaharibikiwa na kitalu, amepoteza mbegu alizonunua na mwezi mzima wa msimu, na pengine atanunua nyanya zilizovushwa kwa chombo kutoka Nyamisati. Jua lililoweza kumwepusha na hasara hiyo lilikuwa juu ya kichwa chake kila siku. Mwalimu na mwanafunzi wanaoijua habari hii wasikae nayo darasani. Hatua ishirini kutoka mlangoni, kitalu kinawangoja.