Mwigizaji wa Kando Aliyeubeba Mchezo

Michezo ya kuigiza ihusuyo walemavu niliyoitazama hapa Roret, iwe ya shule au ya kanisa, huwa na miisho miwili tu: mlemavu huponywa, au hupewa msaada. Sijapata kuona hata mmoja ambamo anapendwa. Ndiyo sababu ningependa watungaji wetu waitazame filamu ya Marekani ya mwaka 2012 iitwayo The Sessions.

Yamhusu Mark O'Brien, mshairi na mwandishi wa habari aliyepoozeshwa na polio mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 6, akategemea mashine ya kupumulia hadi kifo chake mwaka 1999. Akikaribia miaka 40, naye hajamjua mwanamke, alimwajiri mtaalamu wa tiba ya mambo ya unyumba. Ben Lewin, aliyeiongoza filamu hiyo, naye aliugua polio utotoni.

John Hawkes amelala chali filamu nzima, akichezesha kichwa tu. Kwa hiyo kazi yote ya mwili imemwangukia Helen Hunt, ambaye katika tuzo za Oscar aliteuliwa kama mwigizaji msaidizi. Msaidizi! Mwingine angaliingia chumbani na huruma, nasi tukalia. Hunt anavua nguo kama mtu avuaye koti afikapo kazini, anataja masharti, anasema vikao havitazidi sita. Kwa kutomhurumia Mark anamfanya mwanamume. Kisha, polepole, uso wake unatuonyesha kwamba yeye pia ameguswa, ilhali ana mume na mtoto nyumbani. Tangu hapo si hadithi ya mtu anayesaidiwa tena. Kila mmoja wao ana cha kupoteza.

Siyatetei malipo hayo, na wasomaji watakaoyakataa wana haki yao. Hata padri wa filamu hiyo, William H. Macy, alisita kwanza.

Lakini huku kwetu kijana hupimwa kwa kuchuma majani chai na kukama ng'ombe. Asiyeyaweza hayo hata mahari hayazungumziwi mbele yake, hali Kifungu cha 45 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa, bila kuuliza habari za miguu.

Walimu wanaotayarisha michezo ya tamasha wasiishie kumtafuta mwanafunzi hodari wa kuigiza ulemavu. Hodari huyo apewe nafasi ya yule anayeingia na kuketi kando ya kitanda, na katika maneno atakayoandikiwa lisiwemo hata neno moja la pole.