Ukata wa klabu: Hesabu ikaguliwe kabla ya usajili, si baada ya deni

Julai 13, 2017, maelfu ya mashabiki walikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kuwatazama Everton ya Uingereza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney alifunga, Mnyarwanda Jacques Tuyisenge akaisawazishia Gor, kisha Everton wakapata bao la pili na mechi ikaisha 2-1. Vifuani mwa wachezaji wa timu zote mbili palikuwa na jina moja, la kampuni ya kubashiri iliyoanzia Nairobi.

Siku hiyo ilionekana kama soka la Afrika Mashariki limepata mfuko usio na mwisho. Kampuni hiyo ilikuwa ikidhamini Ligi Kuu ya Kenya na klabu zake mbili kubwa, na upande wa pili wa mpaka ilikuwa imezichukua Simba, Yanga na Singida United.

Mfuko ulifungwa Agosti 2019. Baada ya mvutano na Serikali ya Kenya juu ya leseni na kodi, udhamini wa michezo nchini humo ulisitishwa, na klabu zilizokuwa zimezoea kulipa mishahara kwa fedha hizo zikabaki na mikataba ya wachezaji mkononi bila hela ya kuitekeleza. Mashabiki wakaombwa michango kwa simu. Sony Sugar ya Awendo, mji unaojulikana na kila mwenye lori linalopita Migori kuelekea Isebania, ilishindwa kucheza mechi tatu na kufukuzwa ligini Novemba mwaka huo. Hiyo ni klabu iliyokuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006.

Ni rahisi kumlaumu mdhamini au serikali, na wengi walifanya hivyo. Lakini mfanyabiashara yeyote wa Busia au Namanga angeuliza swali la kwanza: kwa nini duka zima lilitegemea mteja mmoja?

Swali hilo halikujibiwa, maana mwaka 2020 ligi ya Kenya ilipata mdhamini mwingine wa kubashiri kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya Sh1.2 bilioni za Kenya. Mkataba huo ulivunjika baada ya msimu mmoja tu. Kisha ikaja aibu ya 2023. Gor Mahia walitwaa ubingwa, wakanyimwa leseni ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya madeni, na Kenya ikakosa mwakilishi katika mashindano hayo msimu wa 2023/24. Timu ilishinda uwanjani, ikashindwa kwenye daftari.

Everton nao hawakubaki salama, ila wao walikutana na kanuni. Kanuni za Ligi Kuu ya England za wakati huo ziliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Everton walipita hapo kwa pauni milioni 19.5, na Novemba 2023 wakakatwa pointi 10, ambazo baadaye zilipunguzwa kuwa sita baada ya rufaa. Mashabiki wao walipiga kelele sana. Hata hivyo, adhabu ya aina hiyo ina kasoro moja: inakuja mali ikiwa imekwisha kuliwa.

Mfano unaofaa zaidi uko Hispania. Tangu 2013, ligi ya huko inaziwekea klabu kikomo cha gharama za kikosi kabla ya msimu, kwa kuangalia mapato na madeni ya kila moja. Anayepita kikomo haandikishiwi mchezaji. Hivyo ndivyo Barcelona walivyoshindwa kumsajili upya Lionel Messi Agosti 2021, ingawa pande zote mbili zilitaka abaki. Jina kubwa kuliko yote katika soka lilikwama mlangoni kwa sababu hesabu haikukubali. Hata Kariakoo, mwenye duka la jumla hampi mtu mzigo wa mali kauli kabla hajamaliza deni la mzigo uliopita.

Tanzania ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuanza. Mei 2021 TFF na Azam Media zilisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni za Tanzania. Maana yake ni kwamba Bodi ya Ligi inajua, kabla mpira haujapigwa, kiasi ambacho klabu ndogo kabisa itapata kutoka kwenye televisheni. Palipo na mapato yanayojulikana, kikomo cha mishahara kinawezekana, na fedha za matangazo zinaweza kuzuiwa na kupelekwa moja kwa moja kwa mchezaji aliyelimbikiziwa mishahara. Nchi hiyo pia haijasahau msimu wa 2018/19, ligi ya timu 20 ilipochezwa bila mdhamini mkuu, wala Singida United, iliyopanda kwa kishindo na kusajili kwa mbwembwe, kisha ikashuka daraja mwaka 2020.

Wapinzani wa kikomo wana hoja, na si ya kupuuzwa. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na Simba wakafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025 kwa sababu kulikuwa na matajiri walioweka mikono mifukoni. Ukizifunga mikono klabu hizo, zitakutana vipi na Al Ahly au Mamelodi Sundowns? Jibu ni kwamba tajiri asizuiwe kutoa. Azuiwe kuahidi tu. Anayetaka kugharamia kikosi cha nyota aweke dhamana ya benki inayotosha mishahara ya msimu mzima kabla dirisha la usajili halijafungwa, ili siku akichoka au biashara zake zikiyumba, mchezaji na mpishi wa kambi wasiwe ndio wa kwanza kujua.

Na hapa ndipo jambo hili linapowagusa walio nje ya uwanja. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuipa klabu notisi ya siku 15 na kuondoka akiwa na haki yake. Lakini baraza la FIFA husikiliza migogoro yenye sura ya kimataifa. Mganda, Mrundi au Mkongomani aliyevuka mpaka kwenda kucheza akidai, klabu hufungiwa kusajili mpaka ilipe. Mzawa anayedai fedha zile zile hubaki na vyombo vya nchini mwake, na mara nyingi hubaki navyo kwa muda mrefu. Ni kinyume kabisa na soko la mpakani, ambako deni la ng'ambo ndilo gumu kulidai.

Nyuma ya wote hao anasimama mtu ambaye hana kanuni yoyote: mwenye basi aliyeisafirisha timu, mwenye nyumba ya wageni iliyolaza wachezaji, mama lishe, fundi aliyeshona jezi za mazoezi kwa kitambaa alichokopa. Hata England hawajamtendea haki. Portsmouth ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwaka 2010, ilikatwa pointi tisa, na kwa utaratibu wa huko wadai wa soka, yaani wachezaji na klabu nyingine, hulipwa chao chote kwanza, huku wauzaji wa kawaida wakigawana kinachobaki. Atakayeandika kanuni za Afrika Mashariki asinakili hilo. Hati ya kutodaiwa, ambayo klabu inapaswa kuionyesha kabla ya kusajili, itaje pia hoteli, usafiri na chakula.

Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 2027, na viwanja vinajengwa kwa mabilioni. Wageni watakapoondoka, vitabaki na ligi za nyumbani. Mashirikisho ya nchi hizo tatu, ambayo yote yako ndani ya CECAFA, yanaweza kuanza na jambo lisilo na gharama kubwa: kila dirisha la usajili linapokaribia kufunguliwa, yabandike hadharani orodha ya klabu, deni la kila moja na majina ya biashara zinazodai. Mwenye basi wa Kisumu anayeombwa kuipeleka timu Kampala kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi ataisoma orodha hiyo kabla ya kuwasha injini.